Louis Pasteur, hamira, na chupa niliyoimwaga

Safu ya leo naianzia jikoni, kwa mahamri.

Katika nyumba niliyokulia hapa Mombasa, nyanyangu alikuwa akikanda unga wa mahamri baada ya sala ya isha. Akiutia iliki na tui, akiufunika kwa kitambaa na kuulaza. Alfajiri tukiamka, unga umefura na kujaa bakuli. Nilipomuuliza unga unafurishwa na nini, aliniambia ni hamira. Nilipomuuliza hamira ni kitu gani, aliniambia nisogee, nampotezea wakati.

Jibu la swali lile nililipata darasani miaka mingi baadaye, na lilikuja pamoja na jina la Louis Pasteur. Kisha mimi mwenyewe nikawa mwalimu wa sayansi, nikalifundisha jina hilo kwa zaidi ya miaka 30. Sasa nimestaafu, na kila nikikaa barazani naona kwamba nililifundisha vibaya. Niliwakaririsha wanafunzi tarehe na majina ya chanjo, wakaandika, wakapita mtihani, wakasahau. Sikuwaeleza jinsi mtu yule alivyotoka chuoni akaenda kiwandani kuinamia mapipa yaliyoharibika. Leo nitawaeleza habari zake, kisha nitaeleza kosa langu, maana mambo hayo mawili yameshikana.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa askari wa zamani wa jeshi la Napoleon aliyerudi uraiani akawa fundi wa kutengeneza ngozi. Familia ikahamia Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya zabibu, na huko ndiko alikokulia. Hakuwa mtoto wa ajabu shuleni. Kipaji chake cha kwanza kuonekana kilikuwa cha kuchora, na picha za wazazi wake alizozichora angali kijana zipo hadi leo. Alipopelekwa Paris kusoma akiwa na miaka 15, upweke ulimshinda, ikabidi babake aende kumchukua. Na katika mtihani alioufanya mwaka 1842, alama yake ya kemia ilikuwa ya kusikitisha. Wazazi mnaowakaripia watoto kwa alama moja mbaya, hilo liwekeni akilini.

Alirudi tena Paris, safari hii akakaza moyo, na mwaka 1843 akaingia École normale supérieure, chuo kikubwa cha kuwaandaa walimu. Mwaka 1848, akiwa na miaka 25, alichunguza chumvi za asidi inayopatikana katika mashapo ya mapipa ya mvinyo. Chini ya hadubini aliona kwamba fuwele za chumvi moja zilikuwa na sura mbili, zinazofanana kama mkono wa kulia unavyofanana na wa kushoto. Akazitenga moja moja kwa mkono. Jambo hilo lilimpa wazo ambalo hakuliacha maisha yake yote: kwamba vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai vina alama yake, na ukiiona alama hiyo, basi jua kiumbe hai kimepita hapo.

Mwaka 1849 akiwa mwalimu wa chuo Strasbourg alimuoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa elimu wa eneo hilo. Bibi huyo alikuwa zaidi ya mke wa nyumbani. Jioni kwa jioni aliandika kwa mkono wake yale mumewe aliyoyasema, akayanakili na kuyahifadhi. Wakitajwa wakubwa wa sayansi, wanawake wa namna hii husahaulika, nami sitaki kumsahau.

Mwaka 1854, akiwa na miaka 31, Pasteur alipewa ukuu wa kitivo cha sayansi katika mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Lille ulikuwa mji wa viwanda, na viwanda vingi katika eneo lile vilikuwa vya sukari na spiriti itokanayo na viazisukari. Pasteur hakujifungia na vitabu vyake. Aliwachukua wanafunzi wake akawapitisha viwandani, Ufaransa na hata ng'ambo ya mpaka Ubelgiji, wakaona vyuma, moto na jasho.

Kwa hiyo mwaka 1856, kijana mmoja aliyekuwa akisoma kwake alimpelekea shida ya babake. Mzee huyo, Bwana Bigo, alikuwa na kiwanda cha spiriti, na mapipa yake yalikuwa yakiharibika. Badala ya spiriti, alikuwa akipata kitu kichungu chenye harufu ya maziwa yaliyoganda. Hasara ilikuwa kubwa na hakuna aliyejua sababu.

Hapa ndipo pa kutulia, msomaji wangu. Pasteur angeweza kusema kwamba yeye ni profesa na kwamba mapipa ya spiriti si kazi yake. Hakusema. Alikwenda kiwandani, akachota majimaji kutoka mapipa mazuri na mapipa mabaya, akayaweka chini ya hadubini, akaandika kila alichokiona. Katika mapipa mazuri aliona vijichembe vya mviringo, vinene, vinavyochipuza vidogo vingine pembeni. Hiyo ndiyo hamira. Katika mapipa mabaya alikuta vitu vingine, vijiti vidogo sana vilivyojazana, na pamoja navyo ile asidi inayopatikana katika maziwa yaliyochacha.

Wakati ule, wakubwa wa kemia wa Ulaya, wakiongozwa na Mjerumani Justus von Liebig, waliamini kwamba kuchacha ni kuoza tu. Kwao hamira ilikuwa mabaki yanayovunjikavunjika na kuivunja sukari iliyo jirani. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1830 watafiti watatu, Cagniard de la Tour wa Ufaransa na Wajerumani Schwann na Kützing, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamekwisha kusema hamira ni kiumbe hai. Walichekwa. Pasteur hakuwa wa kwanza kulisema. Alichofanya ni kulithibitisha hadi wapinzani wakakosa pa kushika. Mwaka 1857 alisoma mbele ya chama cha wanasayansi wa Lille andiko lake kuhusu uchachu wa maziwa, akaonyesha kwamba kila aina ya kuchacha ina kiumbe chake maalumu. Kiumbe cha spiriti si kiumbe cha maziwa, na kiumbe cha maziwa si kiumbe cha siki.

Kisha akafanya jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Alichukua maji, akatia sukari safi, chumvi ya amonia na majivu ya hamira iliyochomwa, akatia na chembe ndogo sana ya hamira hai. Hakukuwa na kitu cha kuoza humo. Hamira ikala, ikazaana, ikageuza sukari kuwa spiriti. Kama kuchacha kungekuwa kuoza, chupa ile ingebaki kimya.

Mwaka 1861 alichapisha jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike leo. Aliona kwamba hamira ina maisha mawili. Ukiinyima hewa, inakula sukari nyingi sana na kuigeuza kuwa spiriti, lakini yenyewe inaongezeka kidogo. Ukiipa hewa ya kutosha, inanenepa na kuzaana haraka, na sukari inayotumika kwa kila gramu ya hamira inapungua mno. Yaani hewa inaamua kama utapata kinywaji au utapata hamira yenyewe, mwili wake, protini yake. Wanasayansi hadi leo huliita jambo hilo kwa jina lake.

Najua baadhi yenu neno spiriti limewafanya mkunje uso, na ni haki yenu. Mimi pia ni Mwislamu na sikuja kuwapigia debe walevi. Subirini kidogo, mtaona njia inapogeuka.

Mwaka 1863 mfalme wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, alimtaka achunguze kwa nini mvinyo wa nchi hiyo unaharibika njiani. Pasteur akarudi Arbois kwao, akakodi chumba, akakigeuza maabara. Alionyesha kwamba kila ugonjwa wa mvinyo una kijidudu chake, na kwamba ukiupasha moto wa nyuzi 50 hadi 60 hivi, vijidudu hufa na mvinyo hubaki salama. Njia hiyo baadaye ilipelekwa kwenye maziwa. Ndiyo maana hata leo ukinunua pakiti ya maziwa dukani, jina lake limeandikwa pale kwa namna fulani, ingawa wengi hatujui kwamba tunasoma jina la mtu.

Katika chupa zile aliuona pia utando mweupe unaotanda juu ya mvinyo ulioachwa wazi. Aliuchunguza, akaona kwamba ni jamaa wa hamira wanaopenda hewa, na kwamba wao hawatengenezi spiriti bali wanaichoma hadi inaisha. Kwa mwenye mvinyo, hao walikuwa wezi. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Maisha yake hayakuwa ya raha. Kati ya 1859 na 1866 aliwazika mabinti watatu, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa kusini mwa Ufaransa, akiwatafutia wakulima sababu ya kufa kwa viwavi wa hariri. Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, kiharusi kikampiga, upande wake wa kushoto ukalemaa. Hakuwahi kupona sawasawa. Kazi zake zinazojulikana zaidi alizifanya baada ya hapo, akichechemea, mikono ya wasaidizi wake ikifanya yale ambayo mkono wake ulishindwa.

Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Ujerumani vilimtia uchungu mwingi. Alirudisha shahada ya heshima aliyopewa na Wajerumani, akaamua kuwasaidia watengenezaji bia wa kwao wawashinde wa Ujerumani, ingawa mwenyewe hakuwa mpenzi wa bia. Mwaka 1871 alitembelea kiwanda kimoja cha bia London, akaomba atazame hamira yao kwa hadubini, akawaonyesha wadudu wengine waliojichanganya humo. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876.

Kitabu hicho kilimfaa Mdenmaki mmoja, Emil Christian Hansen, wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Mwaka 1883 Hansen alifaulu kukuza hamira safi kutoka chembe moja tu. Tangu hapo viwanda vya bia vikaanza kutumia hamira ya ukoo mmoja, na hamira nyingine zote zikaitwa za mwituni, zikafukuzwa. Duniani kuna aina zaidi ya elfu moja za hamira zilizokwisha kupewa majina. Moja ikapewa kiti, nyingine zikaambiwa zikae nje.

Yaliyofuata mnayajua. Chanjo ya kimeta, aliyoijaribu hadharani mwezi wa Mei 1881 kwa kondoo pale Pouilly-le-Fort. Chanjo ya kichaa cha mbwa, aliyompa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, tarehe 6 Julai 1885, na mtoto akapona. Taasisi yenye jina lake ikafunguliwa Paris mwaka 1888. Akafariki tarehe 28 Septemba 1895, akazikwa ndani ya taasisi hiyo.

Lakini mimi si mtu wa kusifu bila kupima. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Pasteur alisifiwa sana. Alikuwa mgomvi, mwepesi wa kujibizana na mgumu wa kugawana sifa. Daftari zake za maabara alitaka zisitoke nje ya familia. Zilipofunguliwa kwa watafiti katika miaka ya 1970, ilionekana kwamba chanjo aliyoitumia kwa kondoo wale haikutengenezwa kwa njia aliyokuwa akiwafanya watu waiamini. Ilitengenezwa kwa dawa ya kemikali na msaidizi wake Chamberland, kwa namna inayokaribiana na ya mpinzani wake, daktari wa mifugo Toussaint. Chanjo ilifanya kazi, kondoo waliishi, lakini ukweli wote hakuusema. Nawaambia ili tusimfanye mtakatifu. Alikuwa binadamu aliyejua kuangalia.

Sasa turudi kwa zile hamira zilizofukuzwa. Hamira ya kawaida, hii ya mahamri, ina kasoro zake. Sukari ya maziwa haiwezi kuila. Sukari iliyomo katika mbao na majani makavu inaishinda. Joto likizidi inalegea. Na ukiipa sukari nyingi, hata hewa ikiwepo, bado inatengeneza spiriti. Basi kuanzia karne ya 20, na hasa miaka hii ambayo dunia inatafuta viwanda visivyochafua, watafiti wamekuwa wakirudi kwa zile nyingine, hamira zisizozoeleka, na kuziuliza kila moja inaweza kazi gani.

Ipo moja inayojulikana kama Torula. Katika vita viwili vikuu Wajerumani waliikuza kwa wingi, wakati mwingine kwa majimaji yanayobaki kiwanda kikitengeneza karatasi, wakapata protini ya kulisha mifugo na watu. Waingereza nao wakati wa vita vya pili walijenga kiwanda chake Jamaica, karibu na kiwanda cha sukari, ili ilishwe molasi. Ukiipa hewa, haipotezi muda na spiriti. Inajenga mwili wake tu. Hapa ndipo njia ninayowaambia inapogeuka: yale aliyoyaona Pasteur mwaka 1861 yamekuwa njia ya kupata chakula.

Ipo nyingine, Kluyveromyces marxianus, inayokula sukari ya maziwa na kufanya kazi katika joto la nyuzi 40 na zaidi. Nchini Ireland hutumiwa kula maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, maji ambayo yakimwagwa mtoni huua samaki. Ndugu yake hutengeneza kimeng'enya cha kugandisha jibini, kile ambacho zamani kilitolewa katika tumbo la ndama.

Ipo Yarrowia lipolytica, ambayo chakula chake ikipendacho ni mafuta. Inakula mafuta yaliyotumika, inatengeneza asidi ya limau, na yenyewe inaweza kujiwekea akiba ya mafuta mwilini. Kampuni moja ya Marekani iliibadilisha ikatengeneza mafuta yanayofanana na ya samaki, yakatumika kulisha samaki wa kufugwa, ili bahari isikombwe. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni ya mafuta ya British Petroleum ilijaribu, Ufaransa, Scotland na Italia, kukuza hamira za namna hiyo kwa mafuta ya petroli ili ziwe chakula cha mifugo. Mafuta yakapanda bei, watu wakaingia hofu ya afya, kazi ikafa. Hilo nalo ni funzo: si kila kinachowezekana chupani kinasimama sokoni.

Ipo Debaryomyces hansenii, inayopatikana hata baharini na kuvumilia chumvi nyingi kupita ile ya maji ya bahari. Na ipo Komagataella, ambayo ilianza kukuzwa kwa methanoli ili iwe lishe, ikaishia kuwa fundi wa dawa. Protini ya chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wetu huchomwa kliniki ndani ya ile chanjo ya pamoja, hutengenezwa na hamira. Viwanda vingine hutumia hamira ya kawaida, vingine hutumia hizi zisizozoeleka. Mwanasayansi wa hamira na mwanasayansi wa chanjo, ambao Pasteur alikuwa wote wawili kwa zamu, wamekutana katika sindano moja.

Sasa nieleze kosa langu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha kidato cha pili. Ulikuwa msimu wa maembe, na maembe yalikuwa yakioza njiani kama kawaida yetu. Kijana mmoja, mtoto wa mchuuzi, aliniletea chupa ya plastiki yenye maji ya maembe. Ilikuwa inatoa povu, na juu yake kulikuwa na utando mweupe. Alitaka kujua mambo mawili: kwa nini chupa aliyoifunga imevimba, na kwa nini ile aliyoiacha wazi nyumbani haina harufu kali kama hii bali ina utando.

Wasomaji, kijana yule alikuwa ameliona bila hadubini jambo ambalo Pasteur alilichapisha mwaka 1861. Chupa moja haina hewa, nyingine ina hewa, matokeo mbali. Katika kabati la maabara kulikuwa na hadubini. Ilikuwa nzima.

Mimi nilifanya nini? Nilinusa chupa, nikasema anatengeneza pombe shuleni. Nikaimwaga nje mbele ya wenzake, wakacheka. Nikamwambia amlete mzazi. Nilijiona ninalinda maadili. Wiki hiyo hiyo, kama sikosei, nilikuwa ninafundisha sura ya kuchacha, nikiichora hamira ubaoni kwa chaki.

Hakuleta chupa nyingine. Alimaliza shule kwa alama za wastani na hakuchukua sayansi.

Nimeandika haya kwa sababu naona kosa langu linaendelea, na safari hii si la mwalimu mmoja. Pwani yetu imejaa chakula cha hamira kinachotupwa. Tazameni soko la Kongowea jioni, matunda yaliyopondeka yanavyorundikwa. Tazameni maembe ya Kilifi na Malindi msimu ukifika kilele na bei ikaanguka hadi mkulima anaona afadhali yaanguke chini. Jani la mkonge likipita mashineni, nyuzi zinazopatikana ni sehemu ndogo sana, takriban asilimia 4 au 5. Nyingine yote ni maji na makapi. Kuna molasi za miwa ya Kwale. Kuna matumbo na mafuta ya samaki kwenye mabandari yetu. Wakati huo huo mfugaji wa kuku analia na bei ya chakula cha kuku, na anayefuga samaki analia vile vile.

Na kuna hamira zenyewe. Mgema anayepanda mnazi anajua kwamba tembo la asubuhi ni tamu, la jioni limekuwa kali, na likiachwa siku kadhaa limekuwa siki. Hatii hamira yoyote. Zinakuja zenyewe, za aina nyingi, kutoka kwenye mti, kwenye kibuyu na kwa wadudu. Huna haja ya kunywa tone moja ili ujue kwamba mle ndani mna vijidudu vilivyozoea joto letu. Hamira inayokaa vizuri katika joto la Mombasa haihitaji mtambo wa kuipoza, na mtambo wa kupoza ni umeme, na umeme ni pesa.

Sisemi kwamba kesho tutakuwa na viwanda. Habari ya British Petroleum inatosha kututia adabu. Kukuza hamira kwa tani kunahitaji usafi, hewa ya kupulizwa, soko la uhakika na watu wa kupima kama chakula kile ni salama. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wamo wasomi hodari na wanafunzi wenye njaa ya kazi. Ningependa nione somo ambalo mwanafunzi hawezi kulipita mpaka aende Kongowea, kwa mgema, au kwenye kinu cha mkonge, achote kitu kinachochacha, akitazame, aandike alichokiona, kisha arudi kumweleza mwenyewe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Lille ya mwaka 1856 haikuwa na vifaa kuliko tulivyonavyo sisi leo. Ilikuwa na profesa aliyekubali kwenda alikoitwa.

Na walimu wenzangu wa shule, mtoto akikuletea chupa, usiinuse kwanza kwa pua ya polisi. Muulize ameona nini. Ukishajua, kama kuna la kukataza, utalikataza, haliendi popote.

Mwaka jana nilikuwa Kongowea kununua maembe. Mwenye meza, mtu mzima mwenye mvi kidogo kidevuni, aliniita mwalimu kabla mimi sijamtambua. Alikuwa yeye. Alinichagulia maembe mazuri, akayafunga, akakataa pesa yangu. Nilitaka kumwambia habari ya chupa ile, nikaona aibu, wateja walikuwa wengi. Nikamuuliza tu yale yaliyopondeka huyapeleka wapi. Akanionyesha kwa kidevu rundo lililokuwa nyuma yake, nzi wamelijaa, na povu jembamba likitoka chini yake.

Nimeahidi nafsi yangu nitarudi. Safari hii nitakwenda na hadubini, na nitaanza kwa kumuomba radhi.